Mtani Aliponionya Juu ya Macho

Binti yangu alizaliwa akiona. Naandika hilo kwanza kwa sababu watu wengi wa hapa Ng'ambo, waliomjua baada ya sisi kuhamia mjini Tabora, hudhani alizaliwa kipofu, nami sikuwasahihisha. Mtu akidhani mtoto alizaliwa hivyo, haulizi zaidi. Humtaja Mungu, kisha huendelea na shughuli zake. Lakini binti yangu aliona kwa miaka minne na miezi kadhaa. Aliwajua kuku wetu mmoja mmoja, na alikuwa akiitambua baiskeli yangu ikiwa bado mbali, kabla mama yake hajaisikia, akatoka mbio hadi kwenye uzio wa minyaa kunipokea. Macho yake yalikuwa makubwa, ya mama yake. Yaliharibiwa na surua, ugonjwa ambao karibu kila mtoto wa siku zile aliupata, na wengi walipona wakasahau kama waliwahi kuugua.

Yaliharibiwa na surua, na pia na mimi. Nimechelewa sana kuliandika neno hilo la pili.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita ya pili ya Wazungu. Nilikuwa mwalimu wa shule ya misheni karibu na Puge. Nilikuwa nimesoma sekondari mjini Tabora, na katika vijiji vile elimu hiyo ilinifanya mtu wa kupishwa njiani hata na watu walionizidi umri mara mbili. Shule yetu ilikuwa kando ya njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka Tabora kuelekea ziwani. Babu yangu aliipita akiwa na mzigo begani. Wakati wangu ilikuwa imebaki kijia cha watu na ng'ombe, nami niliipita kwa baiskeli, nimevaa kaptula iliyopigwa pasi, nikijiona nimefika mbali kuliko babu.

Mwendo wa saa moja kutoka shuleni palikuwa na zahanati, na katika zahanati hiyo palikuwa na dresa mmoja, mwuguzi wa kuosha vidonda na kutoa dawa, Mzaramo, mtu mfupi mwenye sauti kubwa. Yeye na mimi tulikuwa watani. Hatukuchagua. Utani wetu ulianzishwa na mababu zetu katika misafara ile ile, Wanyamwezi walipokuwa wakishuka pwani na Wazaramo wakiwapokea, wakigombana nao na kuzikana nao. Kwa hiyo siku ya kwanza tu tulipokutana, kabla hata hajanijua vizuri, aliniita mpagazi, nami nikamwita mla papa, tukawa ndugu. Kanuni ya utani kila mtu wa kwetu aliijua. Mtani wako akikutukana, hukasiriki. Akikutabiria kifo, hushtuki. Unamjibu, na unajitahidi jibu lako lichekeshe zaidi ya lake. Nilikuwa hodari wa kujibu, na nilipenda watu walijue hilo.

Surua iliingia kijijini mwaka ambao mvua ilikuwa imekatika mapema. Watu walikuwa wakila ugali wa muhogo na mlenda mkavu, na maziwa yalikuwa machache kwa sababu ng'ombe wenyewe walikuwa mifupa. Darasa langu lilianza kupungua. Leo hawapo watatu, kesho sita. Mwishowe padri aliagiza shule ifungwe hadi ugonjwa upite. Wiki hiyo hiyo binti yangu akapata homa, akakohoa, macho yakawa mekundu. Siku ya nne vipele vikatoka usoni, vikashuka kifuani, na wanawake wa jirani wakasema vizuri, imetoka, sasa haitamrudi tumboni.

Mke wangu alikuwa na mimba changa iliyomsumbua, kwa hiyo mama yake alikuja kutoka kijijini kwao, mwendo wa saa mbili, kumsaidia kuuguza. Hapo lazima nieleze jambo. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawaangaliani usoni, hawali mahali pamoja, wala hawakai chumba kimoja. Ukimwona anakuja unatoka njiani. Ukitaka kumwambia jambo, unampitishia mkeo. Nyumba ya mwalimu ilikuwa na vyumba viwili tu. Mkwe wangu alipofika na kuingia chumba cha ndani pamoja na mtoto, nilichukua mkeka wangu nikahamia darasani, na tangu siku hiyo habari za binti yangu nikawa nazipata mlangoni, kwa mdomo wa mama yake.

Hakuna aliyeniona vibaya kwa hilo. Nilisifiwa, kusema kweli. Walisema mwalimu huyu amesoma lakini ana heshima.

Chumba kilitiwa giza, dirisha likazibwa kwa gunia, kwa sababu mwanga ulimuumiza. Hakuogeshwa. Hakupewa nyama wala yai wala kitu chochote chenye mafuta; alipewa uji mwembamba na maji ya uvuguvugu. Ndivyo surua ilivyouguzwa, na mimi, niliyekuwa nikiandika ubaoni masomo ya afya na kuwaimbisha watoto juu ya nzi na maji safi, niliyakubali yote. Na lilikuwapo lile la sindano. Kila mtu alijua kwamba mtoto wa surua akichomwa sindano kabla ngozi haijabanduka anakufa. Nani aliyekufa hivyo, sikuwahi kuuliza.

Jumamosi nilikwenda gulioni. Vipele vilikuwa na siku tatu. Mke wangu alikuwa ameniambia asubuhi kwamba macho yamefumba kabisa, yana tongotongo zito, nikasema ndivyo surua ilivyo.

Nilimkuta dresa kwa mchinjaji, akichagua mbavu. Palikuwa na watu labda ishirini wamesimama, wengi wao wazazi wa wanafunzi wangu.

"Mpagazi," aliniita, "leo huna mzigo? Au mabega yamechakaa kwa kubeba chaki?"

Nikamjibu kwamba mabega yanapumzika, maana siku hizi Wazaramo wanajibebea nyama zao wenyewe, ajabu ambayo babu yangu alikufa bila kuiona. Watu wakacheka. Mchinjaji akasimamisha kisu ili asikilize.

Dresa akasema amesikia nyumbani kwangu kuna surua. Nikasema ipo, na imetoka vizuri. Akauliza, macho je?

"Yamefumba," nikasema, "kama yako ukionyeshwa jembe."

Walicheka sana hapo. Mzee mmoja alinipiga begani. Dresa naye alicheka, lakini kidogo, kisha akaiweka nyama yake juu ya gogo.

"Mlete kesho asubuhi, mpagazi. Usipomleta, huyo mtoto atapofuka, na utambeba mgongoni mpaka uzeeke. Huo ndio mzigo utakaokufaa."

"Mwalimu, leo umepatikana," mzee yule akasema. "Mjibu huyu."

Wote walinitazama, wakingoja. Namkumbuka hata mwanamke mmoja aliyekuwa ameweka mkono mdomoni tayari kwa kicheko.

"Nimlete kwako, mla papa? Umpake mafuta ya papa machoni, anuke mpaka siku ya kuolewa?"

Gulio zima, kwa jinsi nilivyosikia mimi, lilicheka. Mchinjaji aliegemea gogo lake. Na dresa, akiwa anaichukua nyama yake, alisema, si kwa sauti ile kubwa aliyozoea kuitumia, "Lakini mlete." Hakuniita mpagazi. Alisema maneno hayo mawili tu, akaondoka.

Niliyasikia. Kwa miaka mingi nilijaribu kujishawishi kwamba sikuyasikia, au kwamba niliyaona ni mkia wa utani. Niliyasikia vizuri, na nilijua yamesemwa kwa namna nyingine. Kisha nikapanda baiskeli nikarudi nyumbani nikilirudia kichwani jibu langu la mafuta ya papa, na nikitabasamu peke yangu njiani.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Baada ya misa mke wangu alinifuata darasani. Alikuwa amechoka, na alisimama mlangoni bila kuingia.

"Mama anauliza kama tumpeleke kwa dresa," alisema. "Anasema macho yanatoa usaha, na akijaribu kuyafuta mtoto analia kama amechomwa."

Nikamwambia amwambie mama tusubiri ngozi ibanduke, maana wakimchoma sindano tutampoteza.

"Si lazima achomwe. Mama anasema amwangalie macho tu."

"Nimesema tusubiri."

"Jana si ulikutana naye gulioni? Hakukuambia kitu?"

"Alikuwa anatania tu," nikasema.

Akaondoka kwenda kumwambia mama yake hivyo. Mtu wa kwanza aliyetaka binti yangu apelekwe kwa dawa alikuwa bibi yake, mwanamke asiyejua kusoma, na aliyemzuia alikuwa mimi. Hofu ya sindano nilikuwa nayo kweli, sikatai. Lakini haikuwa hiyo peke yake. Nilikuwa nimekwisha kuiona picha yake: mimi nafika zahanati nimembeba mtoto, wagonjwa wamejaa barazani, na yeye anatoka mlangoni anapaza sauti, mpagazi ameleta mzigo. Nilikuwa nimemshinda mbele ya gulio zima. Sikutaka kushindwa siku ya pili yake.

Kwa hiyo mkwe wangu alifanya alichoweza. Mume wake alikuwa na mizinga porini, na alikuwa amekuja na kibuyu cha asali. Kwetu asali ndiyo dawa ya kidonda, ya moto, ya koo la mtoto mchanga. Asingekuwa mama wa kwanza wala wa mwisho kuitia machoni. Aliitia, tone kwa tone, asubuhi na jioni. Nikiwa nje nilikuwa nikimsikia mtoto akilia ndani, kilio kirefu, na sauti ya bibi yake ikimbembeleza kwa Kinyamwezi. Kufikia Jumatano kilio kilipungua. Nikamwambia jirani kwamba sasa anapata nafuu.

Alhamisi mke wangu aliniita. Nikasema mama yuko ndani.

"Mama ametoka," alisema. "Njoo umwone mtoto."

Niliingia. Gunia lilikuwa limetolewa dirishani na mwanga umejaa hadi kwenye pembe za chumba. Ngozi ya binti yangu ilikuwa ikibanduka kama maganda ya karanga, na homa ilikuwa imemwacha. Alikuwa ameketi, amegeuzia uso dirishani, na macho yako wazi. Jicho la kulia lilikuwa jeupe lote, kama ute wa yai lililochemshwa. La kushoto lilikuwa limepasuka katikati na kunywea. Alijua hatua zangu. Akasema, "Baba, waambie wafungue dirisha."

Nilimfunga mgongoni kwa kanga ya mama yake nikapanda baiskeli. Zahanati ilikuwa imejaa, kama nilivyokuwa nimeogopa. Dresa alitoka, akatuona, akampokea mtoto bila neno. Alimlaza, akayaangalia macho kwa muda mrefu, akayaosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, akapaka dawa ya tyubu, akampa kijiko cha mafuta ya samaki. Kisha akaandika barua, akatoka mwenyewe barabarani kusimamisha lori la Tabora. Hakunitania. Wakati wote ule nilikuwa nasubiri anitanie.

Mke wangu alitufuata mjini, tukakaa hospitali siku kumi na nane. Daktari alikuwa Mzungu, mpole, na alisema nami Kiingereza alipogundua kwamba nakijua. Alieleza kwamba surua huchubua kioo cha jicho, na kwamba jicho la mtoto aliyeshiba huweza kujiponya, lakini la mtoto aliyekula muhogo mtupu kwa miezi halina nguvu hiyo. Huoza haraka, pengine kwa siku mbili tatu. Aliuliza nini kilitiwa machoni. Nikasema asali. Nikauliza kama asali ndiyo iliyoyaua. Alifikiri, kisha akasema hawezi kujua. Ameona macho yaliyopasuka bila kutiwa chochote, na ameona macho yaliyotiwa vitu vibaya zaidi yakapona. Alichojua ni kwamba angeletwa siku zile za mwanzo, macho yalipoanza kutoa usaha, huenda moja lingeokoka.

Siku za mwanzo. Nikahesabu. Ilikuwa Jumamosi ya gulio, au Jumapili.

Tulipokuwa tunarudi nilimwacha mtoto na mama yake barabarani, nikaingia zahanati. Nilikuwa na hasira, na ilikuwa imetafuta njia mjini kote bila kumpata wa kumwangukia. Nilimkuta dresa peke yake, akichemsha sindano. Nikamwambia alijua, na hakuniambia.

"Nilikuambia," alisema.

"Uliniambia kwa utani."

Alizima jiko lake kwanza. "Ungependa nikuambie kwa lugha gani? Wewe hujawahi kunisikiliza kwa nyingine." Kisha akasema, taratibu, "Ilinipasa nije kwako mwenyewe siku ile ile. Nilifikiri kwa kuwa ni mwanao utakuja. Hilo ni kosa langu, na nitakaa nalo. Lako liko kwako, mwalimu."

Aliniita mwalimu. Tangu siku ile hadi alipohamishwa hakuniita jina lingine. Tukikutana gulioni alinipa mkono, akaniuliza hali ya nyumbani, akaniita mwalimu mbele ya watu, nao wakangoja utani uanze, haukuanza. Baada ya muda waliacha kungoja.

Sasa nafika kwenye lile ambalo ni baya zaidi. La macho naweza kusema lilikuwa ujinga, au majivuno ya siku mbili. Hili lilidumu miaka kumi na moja.

Kwetu msiba mkubwa hauachwi bila kuzungumzwa. Ndugu zangu walikuja, na ndugu za mke wangu walikuja, wakaketi uani. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyeanza. Alisema mtoto aliuguzwa na bibi yake, bibi akamtia asali machoni, na macho yakapasuka. Je, kuna jambo la kutafuta zaidi ya hapo? Mkwe wangu alikuwa ameketi na wanawake nyuma ya nyumba, ambako angeweza kusikia bila mimi kumwona. Mjomba wa mke wangu, mzee mwenye busara, akanigeukia. Alisema, "Mwalimu ndiye aliyesoma, na ndiye mwenye nyumba. Tunataka kusikia kutoka kwake."

Ningeweza kusema kwamba nilionywa. Ningeweza kusema kwamba mama huyu aliomba mtoto apelekwe na mimi nikakataa. Mke wangu alilijua hilo la pili, na alinitazama kutoka mlangoni, akingoja niliseme mwenyewe.

"Mimi sikuwa chumbani," nikasema. "Mnajua sikuweza kuingia."

Hakuna neno la uongo katika maneno yale. Wazee wakatikisa vichwa. Na mkwe wangu, ambaye angeweza kujitetea kwa maneno mawili, hakuweza kumjibu mkwewe mbele za watu, heshima haikumruhusu. Alfajiri ya kesho yake akaondoka na kibuyu chake. Nilijificha darasani apite.

Mke wangu hakunisuta. Nadhani alichagua. Alikuwa na mume na mimba na mtoto kipofu, na kati yangu na mama yake alihitaji mmoja asiwe na hatia. Mwanzoni alisema mama aliomba tumpeleke. Baada ya mwaka alisema mama hakungoja. Baada ya miaka mitatu nilimsikia akimwambia mwanamke wa hapa Ng'ambo kwamba mama yake mwenyewe ndiye aliyeyaua macho ya mwanawe. Aliacha kwenda kwao. Mimba ile ilitoka, na nyingine haikuja. Mkwe wangu alipofariki, mke wangu alifika kaburi likiwa limekwisha kufukiwa, akakaa siku moja, akarudi.

Binti yetu alikulia ndani ya maneno hayo. Mjini nilipata kazi ya ukarani. Ualimu niliuacha, maana sikuweza tena kusimama mbele ya watoto na kuwaimbisha juu ya maji safi. Yeye alijifunza kuchambua mchele kwa vidole, na hakuna mwanamke mwenye macho mtaani aliyemshinda. Alijifunza kusuka vikapu kwa masista. Alikuwa mchangamfu kwa watu wote ila mmoja. Bibi yake alimkumbuka kwa mikono: mkono mmoja ulioshika paji la uso, na mwingine ulioleta kile kitu cha kunata kilichouma. Asali hakuila kamwe. Tulipowaombea marehemu, jina la bibi yake alilipita.

Mke wangu aliugua mapafu, akalala miezi. Siku moja mchana, nikimnywesha maji, alisema, "Nikikutana na mama nitamwambia nini?" Nilishika kikombe. Ningeweza kusema hapo. Alikuwa amebakiwa na siku chache, na nilikuwa na neno ambalo lingempatanisha na mama yake kabla hajafika huko, nami nikasema, "Pumzika." Alifariki kabla ya Kwaresima.

Nilimwambia binti yangu mwezi uliofuata, kwa kuwa sikuwa na mwingine wa kumwambia. Alikuwa anakaribia miaka kumi na sita. Alikuwa na ungo wa mchele mapajani. Nilimwambia gulio, dresa, mafuta ya papa; nilimwambia Jumapili, na ule mkutano uani. Vidole vyake viliendelea kuchambua kwa muda, kisha vikaacha.

"Bibi alijua kwamba uliambiwa?"

"Hapana."

"Basi alikufa akidhani ni yeye."

Alitoa chuya moja, akaitupa, akasema anataka kwenda kwenye kaburi la bibi yake, nimpeleke.

Tulikwenda baada ya mvua za kwanza. Lori lilituacha Puge, tukatembea, yeye ameshika fimbo yangu kwa nyuma. Ilikuwa miaka ya mwisho ya Mwingereza, na vijana tuliopishana nao njiani walizungumza habari za uhuru. Binti yangu hakuwasikiliza. Alikuwa ameandaa maneno, nilijua, maana midomo yake ilikuwa ikicheza.

Tulipofika sikuona kitu. Baba mkwe alikuwa amekufa, wanawe walikuwa wamehamia upande wa Nzega, na boma lao, kama maboma yote yanayoachwa, lilikuwa limelimwa kwa sababu ya samadi yake. Palibaki mstari wa minyaa na nyuma yake tumbaku changa, matuta kwa matuta. Mtu aliyekuwa akipalilia sikumfahamu. Nilimsalimu, mwangaluka, akaitika, nikamwuliza kwa sauti ndogo kuhusu makaburi. Alisema alipoanza kulima hapo hakukuta alama yoyote. Labda huku, alisema, akanyoosha jembe. Au labda kule.

"Tumefika?" binti yangu akauliza.

Nilitazama matuta yale. Nilikuwa nimemnyang'anya macho, nikamnyang'anya bibi, na sasa alikuwa amesafiri kutwa nzima kumwomba bibi huyo msamaha kwa chuki niliyompa mimi. Nikamshika mkono, nikamwongoza hadi mwisho wa shamba, nikampigisha magoti mbele ya tuta la tumbaku.

"Hapa," nikasema.

Aliinamisha uso akaanza kusema kwa Kinyamwezi. Sitayaandika aliyoyasema. Yule mkulima alisimama na jembe lake, akatutazama, akanitazama mimi, na kwa hisani ambayo sikuistahili hakusema kitu. Binti yangu alipomaliza alipapasa ardhi kwa viganja vyote viwili, huku na huku, kama anayetafuta mahali kichwa kilipo.

"Mbona udongo ni laini hivi," alisema, "kama umelimwa?"

Nikasema ni mvua.